Upatu haujulikani benki: nilivyoijengea jina kampuni yangu ndogo hapa Ohio

Upatu nimeanza kuucheza Tanga, na nilipohamia Columbus, Ohio, nikaukuta unachezwa na kina mama wa kwetu pamoja na wenzetu wa Kenya na Kongo. Kwa miaka sita kijumbe, anayekusanya michango yetu, hajawahi kunipigia simu mara mbili kunidai. Kwa hiyo siku niliyokwenda kuomba mkopo wa gari la kubebea mashine za usafi, nilikwenda kifua mbele, najijua ni mlipaji. Kijana wa benki akabonyeza kompyuta yake, akanitazama, akaniambia kwa upole kwamba kampuni yangu haionekani kwenye rekodi yoyote ya madeni. Kampuni ilikuwa imesajiliwa jimboni, ina wateja watatu na wafanyakazi wanne, lakini kwa wanaopima ulipaji haikuwa na hata mstari mmoja. Jina langu binafsi lilikuwepo. Lilikuwa limechafuka.

Nawaandikia ndugu zangu wa Marekani wenye kampuni za usafi, malori, saluni za kusuka, maduka ya unga na dagaa. Wengi wetu tunalipa kwa uaminifu mkubwa, ila tunalipa mahali ambapo hakuna anayeandika. Miaka yangu sita ya upatu ilikuwa kichwani mwa kijumbe na kwenye daftari lake la mistari. Benki haimjui kijumbe.

Jina langu lilichafukaje? Nilikuwa na kadi moja ya mkopo, ya kwangu binafsi, yenye kikomo cha dola 5,000. Hiyohiyo ilinunua nepi, petroli, sabuni ya sakafu, mifuko ya taka na tiketi ya mama alipokuja kutusalimia. Kisha mteja mmoja akachelewesha malipo, wafanyakazi wanadai mshahara wa wiki mbili, nikaenda na kadi kwenye ATM nikatoa taslimu. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba ukitoa taslimu kwa kadi ya mkopo riba inaanza siku ileile, na juu yake kuna ada ya kutoa. Salio likafika dola 4,000.

Riba yangu ilikuwa asilimia 24 kwa mwaka. Kwenye dola 4,000, hiyo ni dola 80 za riba kila mwezi. Nilikuwa nalipa dola 100 nikiamini napunguza deni, kumbe nilikuwa napunguza dola 20 tu. Siku moja nilikaa mezani na kikokotoo baada ya watoto kulala, nikapiga hesabu mpaka mwisho: kwa mwendo ule, hata nisiponunua kitu kingine, ningelipa kwa karibu miaka 7, na jumla ingepita dola 8,000. Nililia usiku ule. Ndiyo sababu nawasihi mtoe kikokotoo leo, msingoje kama nilivyongoja mimi.

Kuna kitu kingine kinachofichika hapo. Ukibakiza salio, unapoteza zile siku za kununua bila riba. Mwezi unaofuata hata mifuko ya taka inaanza kutozwa riba tangu siku ulipoinunua. Halafu kutumia 4,000 kati ya 5,000 ni asilimia 80 ya kikomo. Kwenye jina binafsi, wapimaji wanapenda kukuona chini ya asilimia 30, kwa hiyo nilikuwa naonekana mtu aliyebanwa hata miezi ambayo sikuchelewa hata siku moja.

Nilianza kwa kutenganisha. Nikachukua EIN, namba ya kodi ya kampuni, kwenye tovuti ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Ni bure, na inatoka papo hapo ukiombea mtandaoni. Kuna watu wanawatoza wenzetu fedha kwa kazi hiyo ya dakika chache. Nikafungua akaunti ya benki ya kampuni, nikaomba kadi ya biashara yenye kikomo kidogo. Tangu siku hiyo nepi hazijagusa kadi ya kampuni. Mhasibu wangu aliyekuwa akinitoza saa nyingi za kuchambua risiti sasa anamaliza mapema, na wakati wa kodi hakuna anayeniuliza tiketi ya mama ilikuwa gharama gani ya biashara.

Hapa kuna jambo nataka mlisikie vizuri. Wengi wanafikiri kwa kuwa kampuni ni LLC, yaani aina ya kampuni ambayo kwa kawaida madeni yake hutenganishwa na ya mwenyewe, deni la kadi ya biashara haliwahusu wao. Karibu kadi zote za biashara ndogo zina kipengele cha dhamana binafsi: kampuni ikishindwa, unadaiwa wewe. Vilevile ile sheria ya mwaka 2009 inayomlinda mwenye kadi binafsi, kwa mfano kwa kumtaka mtoa kadi atoe taarifa siku 45 kabla ya kupandisha riba, haikuandikwa kwa ajili ya kadi za biashara. Baadhi ya watoa kadi hufuata hivyo kwa hiari yao. Soma mkataba, au usomewe na mtu anayeelewa. Na uulize kabla ya kusaini: malipo yangu mtayaripoti wapi? Wengine huripoti kwenye rekodi ya kampuni tu na kugusa jina lako binafsi pale unaposhindwa kulipa. Wengine huripoti kila kitu pande zote mbili.

Sasa tarehe. Kama utachukua kitu kimoja kwenye makala hii, chukua hiki. Kadi ina tarehe mbili: siku hesabu inapofungwa, na siku ya mwisho ya kulipa. Yangu inafungwa tarehe 5, na mwisho wa kulipa ni tarehe 30. Nikinunua sabuni tarehe 4 Aprili, hesabu inafungwa kesho yake, na lazima nilipe tarehe 30 Aprili: siku 26. Lakini nikiinunua tarehe 6 Machi, inaingia kwenye hesabu inayofungwa tarehe 5 Aprili, nayo pia inalipwa tarehe 30 Aprili. Hizo ni siku 55 bila senti ya riba. Mteja wangu mkubwa hulipa siku 45 baada ya ankara. Ankara ya tarehe 10 Machi inalipwa tarehe 24 Aprili, siku sita kabla sijadaiwa. Kalenda iko kwenye friji yangu, tarehe 5 ina duara jekundu na tarehe 30 ina duara jeusi, na mume wangu naye anajua kwamba manunuzi makubwa yanaanza tarehe 6.

Hii inafanya kazi ukilipa hesabu yote, siyo kima cha chini. Malipo ya moja kwa moja nimeyaweka kwenye salio lote la taarifa ya mwezi. Ukiyaseti kwenye kima cha chini, utaona kila kitu kimetulia, kumbe riba inatembea chini kwa chini. Na kama kazi haijapatikana bado, usinunue kwa kadi ukitegemea itapatikana. Kwangu kadi inabeba kazi iliyokwisha sainiwa, basi.

Msimamizi wangu wa zamu ya usiku ana kadi yake ndogo chini ya akaunti ya kampuni, nimeiwekea kikomo cha dola 300. Kila Ijumaa jioni tunakaa naye dakika kumi tukilinganisha picha za risiti na kilichotokea kwenye akaunti. Mara moja tulikuta duka limetutoza mara mbili ndoo zilezile, na kwa kuwa tuliona ndani ya wiki, tulirudishiwa bila mabishano.

Kadi peke yake haitoshi kuijengea kampuni jina. Sisi wa Tanzania tunaijua mali kauli: unachukua mzigo leo, unalipa baadaye kwa neno lako. Wamarekani nao wanayo, ila neno lako linaandikwa. Muuzaji wa vifaa anakupa siku 30 tangu ankara, na baadhi yao hupeleka taarifa za ulipaji wako kwa kampuni zinazotunza rekodi za madeni, kama Dun & Bradstreet, Experian au Equifax. Wengine hawapeleki. Kwa hiyo kabla ya kufungua akaunti mimi huuliza, na asiyeripoti nanunua kwake kama bei ni nzuri, lakini simhesabu.

Dun & Bradstreet huipa kampuni namba ya tarakimu tisa iitwayo D-U-N-S. Kuipata ni bure. Alama yao, PAYDEX, inaishia 100. Ukilipa siku ileile uliyoahidi unapata 80. Ili upite hapo lazima ulipe kabla. Mimi hulipa ankara ya siku 30 siku ya kumi. Na hawa wanahesabu hata siku chache za kuchelewa. Kwenye rekodi binafsi ucheleweshaji huandikwa ukipita siku 30, kwa hiyo aliyezoea kuchelewa wiki moja kwenye kadi ya nyumbani, tabia hiyo itamchoma kwenye biashara.

Miezi mitano ya mwanzo malipo yangu yalipotea. Nililipa mapema kila mara, nikaangalia rekodi, hakuna kitu. Nilipofuatilia nikakuta muuzaji aliandika jina la kampuni bila LLC, na anwani ya nyumba tuliyohama. Malipo yangu yote yalikuwa yanamjengea jina mtu asiyekuwepo. Hakikisha jina, anwani na simu vinafanana herufi kwa herufi kwenye usajili wa jimbo, IRS, benki na kwa kila muuzaji. Ripoti yako binafsi sheria inakupa bure. Ya kampuni mara nyingi utailipia, na mimi naona inafaa kulipia angalau mara moja kwa mwaka.

Kwa ndugu zangu Waislamu wanaokimbia riba: akaunti ya siku 30 kwa muuzaji mara nyingi haina riba ukilipa kwa wakati, ingawa anaweza kuandika tozo ya kuchelewa kwenye masharti, kwa hiyo yasome. Kuhusu kadi yenyewe, hata ukiilipa yote kila mwezi, muulize sheikh unayemwamini.

Na tafadhali, kwenye makundi yetu ya WhatsApp kuna watu wanauza CPN, namba ya tarakimu tisa ya kuandika badala ya Social Security, ile namba ya serikali ambayo wapimaji hukutambua kwayo. Ni utapeli, na ukiitumia kuombea mkopo unaweza kushtakiwa kwa kosa la jinai. Kwa mhamiaji mwenye karatasi zinazosubiri, kosa kama hilo linaweza kubomoa kila kitu. Kama huna Social Security, baadhi ya watoa kadi hupokea ITIN, namba ya kodi ambayo IRS humpa asiyeweza kupata Social Security. Ushauri wa kweli unapatikana bure kwa washauri wa kujitolea wa SCORE na kwenye vituo vya SBDC vya kusaidia biashara ndogo, na SBA, idara ya serikali ya biashara ndogo, ina mikopo midogo ya mpaka dola 50,000 inayopitia mashirika ya kijamii, ambayo mengi huwa tayari kumsikiliza mwenye biashara changa.

Ile kadi ya zamani niliimaliza kwa miezi 14, nikiilipa dola 330 kwa mwezi. Upatu sijauacha. Zamu yangu ni mwanzoni mwa Desemba, na mashine ya kusugua sakafu ninayoitaka nitaichukua kwa kadi tarehe 6 Novemba, kwa sababu mkataba wa jengo jipya unaanza wiki hiyo. Fedha ya upatu ikiingia inakwenda moja kwa moja kwenye kadi, wiki tatu kabla ya duara jeusi.