Hayo majani yanayorudi kila ukipalilia, hebu angalia kama siyo ndago

Watu wengi wakiona ndago wanasema ni majani tu, wanapiga jembe, basi. Mimi nalima mchicha na bamia huku Morogoro, na nikienda kuangalia shamba la kukodi kitu cha kwanza nachuma shina lenye ua nalizungusha kwenye vidole. Nyasi za kawaida zinazunguka vizuri maana shina lake ni la duara na lina vifundo, ndago inakwamakwama kwa sababu shina lina pembe tatu, halafu halina kifundo hata kimoja mpaka juu kwenye ua. Majani nayo yanatoka pande tatu, yanang'aa.

Hapo usiivute, itakatikia juu. Chimba taratibu kwa panga utoe na udongo wake, utakuta kiazi kidogo cheusi chenye manyoya, kimeungana na kingine kwa kamzizi kembamba kagumu, na hicho nacho kina mwenzie, yani vimefuatana kama shanga. Kivunje, kina harufu ya dawadawa na ukionja ni kichungu balaa. Hiyo ndo ndago chungu, kitaalamu Cyperus rotundus. Kuna ndugu yake mwenye ua la njano, yeye kiazi kinakaa kimoja kimoja kwenye ncha ya mzizi, kitamu na kinaliwa. Ndago chungu ua lake ni kahawia inayoelekea zambarau.

Utaikuta sana kwenye jua na unyevu, bustani za kumwagilia, mashamba ya miwa, kingo za mifereji, kando ya barabara. Kivulini inanyong'onyea, ndo maana sehemu korofi mimi napanda maboga au viazi vitamu vifunike ardhi mapema. Nailoni nyeusi ya kufunika ardhi usihangaike nayo bana, ndago inaitoboa.

Kupalilia kwa jembe wakati udongo una maji ni kuvikatakata viazi vyake na kuvisambaza tu, kila kimoja kinaota kivyake. Bora ulime kiangazi, ugeuze udongo viazi vianikwe juani vikauke kabisa, vingi viko sentimita 15 za juu. Dawa za kuunguza majani hazifiki chini, glaifoseti, dawa ya magugu inayoingia ndani ya mmea, inafika kama ukipiga majani yakiwa mabichi na mengi, ila viazi vilivyolala vitaota baadae kwahiyo jiandae kurudia. Na udongo wa lori au samadi ya kununua, chekecha kidogo kwanza uone kama kuna viazi vya ndago kabla hujalipa.