Maswali ya Wasomaji: Paja Limevutika, Penalti Imepaa, Nani Alaumiwe?

Kibandani kwetu hapa Busia mashabiki wa Arsenal hugombana kila mchezaji anaposhika nyuma ya paja. Bukayo Saka alikaa nje siku 101. Winga wa timu yetu ya mtaa alirudi baada ya siku 12, akaumia tena palepale. Wale wa Ulaya wanadeka, au huyu wetu aliharakishwa? — Shabiki, Busia

Aliharakishwa. Saka aliumia tarehe 21 Desemba 2024 dhidi ya Crystal Palace, akapasuliwa, akarudi tarehe 1 Aprili 2025 dhidi ya Fulham na kufunga akitokea benchi. Jeraha la kufikia kisu hulilinganishi na mvutiko wa kawaida. Nyuzi chache za msuli zikikatika, hesabu wiki 1 hadi 3. Zikikatika nyingi, wiki 4 hadi 8. Msuli ukikatika wote au ukang'oka kwenye mfupa, ni miezi 3 na kuendelea. Na jeraha dogo likigusa kano iliyo ndani ya msuli, muda huongezeka hata kama mchezaji anatembea vizuri.

Kinachowaponza wengi ni kwamba maumivu huisha kabla msuli haujapona. Siku ya 7 kijana anatembea bila kuchechemea, siku ya 10 anazunguka uwanja mbio za taratibu, Jumamosi yumo kikosini. Lakini msuli wa nyuma ya paja haukatiki mtu akikimbia taratibu. Hukatika kwenye kasi ya juu, pale mguu unaporushwa mbele na kisigino hakijagusa chini, msuli ukiwa umevutwa huku umekaza. Mzunguko wa taratibu haupimi hilo hata kidogo.

Mpimeni hivi. Alale chali, aweke kisigino cha mguu mmoja juu ya kiti au benchi lenye kimo cha karibu sm 60, goti likunjwe kidogo tu, mguu wa pili uwe hewani, mikono aifumbate kifuani. Ainue kiuno mpaka mwili unyooke, ashuke, arudie hadi achoke. Akiishia chini ya mara 20, msuli ni dhaifu. 25 ni wastani. 30 na zaidi ni vizuri. Mguu ulioumia ukipungukiwa mara kadhaa na ule mzima, asubiri. Akifaulu, akimbie kwa nusu ya kasi yake, siku nyingine robo tatu, kisha kasi yote. Asicheze mechi kabla hajamaliza angalau mazoezi mawili au matatu ya kasi kamili pasipo kusikia chochote. Majeraha mengi ya kujirudia hutokea katika wiki za mwanzo baada ya kurejea, kwa hiyo hata mechi ya kwanza apewe dakika 20 au 30, si 90.

Kinga ipo na haina gharama. Mchezaji apige magoti, mwenzake amshike vifundo vya miguu, naye ajishushe kifudifudi polepole huku mwili umenyooka kuanzia magoti hadi mabega, akijizuia kwa misuli ya nyuma ya paja mpaka ishindwe. Wiki ya kwanza siku 1, seti 2 za mara 5. Wiki ya pili siku 2, seti 2 za mara 6. Wiki ya tatu siku 3, seti 3 za mara 6 hadi 8, ya nne mara 8 hadi 10, na kuanzia ya tano seti 3 za mara 12, 10 na 8. Timu zinazolifanya zoezi hili kwa uaminifu hupunguza majeraha haya kwa karibu nusu. Mambo matatu huliharibu: wachezaji kukunja kiuno badala ya kunyooka, kocha kuwaanzishia seti nyingi siku ya kwanza hadi wanashindwa kuchuchumaa kesho yake, na timu kuliacha ligi ikianza. Hilo la tatu ndilo baya zaidi. Ligi ikishaanza, lifanyeni mara 1 kwa wiki, mbali na siku ya mechi.

Kuhusu kudeka: uchunguzi wa UEFA kwenye klabu kubwa za Ulaya ulionyesha kwamba majeraha ya nyuma ya paja yalikuwa 12% ya majeraha yote msimu wa 2001/02, yakafika 24% msimu wa 2021/22. Mchezo umekuwa wa kasi zaidi na ratiba imebana. Mechi ileile Saka aliyorudi, beki Gabriel Magalhães alitoka mapema ameshika paja, na msimu wake ukaishia hapo.

Mchezaji akiumia uwanjani tunampaka mafuta ya moto na kumkanda papo hapo. Kuna ubaya? — Meneja wa timu, Tororo

Upo. Ndani ya siku 2 za kwanza, joto na kukanda kwa nguvu huzidisha kuvuja damu ndani ya msuli na uvimbe huwa mkubwa. Msimamisheni kucheza, mfungeni bendeji ya kubana kiasi (vidole vikifa ganzi imezidi), mguu uinuliwe. Barafu iwe kwenye kavera (mfuko wa plastiki), izungushiwe kitambaa, dakika 15 hadi 20, mrudie baada ya saa 2 au 3. Barafu tupu juu ya ngozi huunguza. Mafuta yenu yangoje kwanza.

Mimi ni shabiki wa SC Villa. Tukipoteza mechi 3 mfululizo, nusu ya wenzangu wanataka kocha aondoke kesho, nusu wanasema ni bahati mbaya. Kuna namna ya kujua ukweli? — Jogoo, Kampala

Ipo, na inahitaji daftari la shule na kalamu tu. Mechi 3 hazitoshi kuhukumu. Hata 5 ni chache. Jedwali la mechi 5 za mwisho linalopendwa na kila mtu halisemi mlicheza na nani, nyumbani au ugenini, wala nani alikuwa majeruhi.

Kila mechi andika mambo manne kwa timu zote mbili: mashuti ya ndani ya boksi, mashuti ya nje, nafasi za wazi (mchezaji na kipa tu, au goli tupu), na majina ya wachezaji wa kikosi cha kwanza waliokosekana. Thamani zake hazifanani. Penalti huingia karibu mara 3 katika kila 4. Shuti la nje ya boksi huingia mara 3 au 4 katika 100. Kwa hiyo jirani yako anayelalamika kwamba "tulipiga mashuti 15 tukanyimwa" huenda alihesabu mashuti 12 ya umbali wa mita 25, ambayo kipa aliyadaka kama anapokea mkate dukani.

Baada ya mechi 8 hadi 10 utaona. Mnatengeneza nafasi za wazi nyingi kuliko wapinzani na bado mnafungwa? Msimfukuze mtu, matokeo yana kawaida ya kugeuka. Nafasi zenu zinapungua wiki baada ya wiki, na kikosi ki kamili? Hapo kocha ana maswali ya kujibu. Nafasi zimepungua tangu kiungo fulani aumie? Swali ni la usajili, na linawahusu viongozi kuliko kocha. SC Villa, ndio hao Jogoo, walikaa tangu 2004 hadi msimu wa 2023/24 bila taji la ligi; katika miaka yote hiyo makocha walibadilishwa sana, na kama dawa ingekuwa kufukuza tu, kombe lingekuja mapema.

Angalia ratiba pia. Mechi mbili zikiachana siku 3 badala ya 6, misuli huumia zaidi, na dakika 20 za mwisho huonekana. Ukiona mabao mnayofungwa yamejaa baada ya dakika ya 70, uliza kwanza kuhusu mapumziko na mabadiliko ya wachezaji kabla ya kuuliza kuhusu moyo wa kupigana.

Nasimamia grupu la WhatsApp la mashabiki hapa Arua. Allan Okello wa timu ya taifa ya Uganda alipopaisha penalti dhidi ya Tanzania kule Morocco, AFCON 2025, watu walitukana hadi wazazi wake. Nikikemea naambiwa nakataza ukweli. Nifanyeje? — Msimamizi, Arua

Wana haki ya kukasirika. Sare ya 1-1 na jirani, penalti dakika za nyongeza, imepaa: anayetaka mashabiki wacheke hapo hajui mpira. Kusema timu imecheza ovyo si usaliti, na grupu linaloruhusu sifa peke yake hufa haraka, kwa sababu wajuzi huhama. Lakini penalti 1 katika 4 hukosa hata ikipigwa na mabingwa. Januari 2025 Arsenal walitolewa Kombe la FA na Manchester United iliyobaki na watu 10. Martin Ødegaard alikosa penalti ndani ya mechi, Kai Havertz akakosa kwenye mikwaju, na Gabriel Jesus akaumia goti jeraha la ACL (kano ya ndani inayoshikilia goti), lile la angalau miezi 9. Usiku huo matusi yalimwendea mke wa Havertz, aliyekuwa mjamzito. Mwezi uliofuata Havertz naye akaumia paja, na waliomtukana wakabaki wanauliza nani atafunga.

Wekeni sheria chache zinazopimika. Lawama iwe na dakika na kitendo: "dakika ya 63 beki alibaki nyuma, akavunja mtego wa kuotea" inaruhusiwa, "hana akili" inafutwa. Familia, kabila, dini na kumwombea mtu aumie: onyo 1, kisha nje, hata awe mwenyekiti wa tawi. Filimbi ya mwisho ikilia, badilisha mipangilio ya grupu ili wasimamizi tu waweze kutuma, kwa dakika 30. Matusi mengi huandikwa katika nusu saa hiyo.

Halafu tenganisha mikeka (tiketi za kubeti). Ukichunguza vizuri, wengi wanaofoka kupita kiasi hawaidai timu, wanaidai shilingi yao iliyoliwa. Mazungumzo ya kubeti yapelekwe grupu lake, tena kwa watu wazima: sheria ya Uganda inaruhusu kubeti kuanzia miaka 25, na grupu la mashabiki lina vijana wa sekondari.

Mtu akivuka na kutishia mchezaji au ndugu yake, usifute haraka. Piga picha ya skrini ionyeshe namba, tarehe na saa, mtoe kwenye grupu, kisha peleka picha hiyo kwa klabu au shirikisho na kituo cha polisi. Ukifuta kwanza, huna cha kupeleka.