Vidudu Vyekundu vya Lamboni

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama mfugaji, niko Sikonge, mkoani Tabora. Ikifika mwezi wa kumi lambo letu hubaki tope na maji kidogo ya kugombania na ng'ombe. Nikichota, ndoo nyeupe inajaa vidudu vyekundu, vidogo kama punje za ulezi, vinarukaruka. Mwanangu wa sekondari anasema jua ndilo limeviivisha. Mimi mwenyewe nikisimama malishoni saa saba bila kanga kichwani, jioni silali kwa kuumwa kichwa. Vyenyewe havina ngozi wala manyoya. Vinaliwezaje jua lile?

JIBU: Marahaba mama. Kijana amekosea, ila kosa lake lina akili.

Hao ni viroboto wa maji. Kiroboto ni jina tu, maana ukoo wao ni wa kamba na kaa. Wekundu unaouona ni hemoglobini, ile ile inayotia rangi damu yako. Lambo lililochafuliwa na samadi huwa na oksijeni haba, nao hujibu kwa kujitengenezea hemoglobini zaidi ili wapate pumzi. Jua halimo. Kuhusu jua wana bahati: maji ya rangi ya chai ya rangi, yenye udongo na majani yaliyooza, huinyonya mionzi ya urujuanimno, ile sehemu ya jua inayounguza ngozi, kabla haijafika mbali. Wakishuka kidogo tu, wako kivulini.

Huku kwetu Kigoma ndiko kwenye shida. Nilipokuwa bado nafundisha niliwapeleka wanafunzi ziwani kwa mtumbwi, na sahani nyeupe ya kauri niliyoifunga kamba yenye fundo kila mita. Tuliishusha tukihesabu. Fundo la kumi na moja ndipo ikapotea machoni. Kuivuta, kamba ikaja peke yake. Sahani ilikuwa ya mke wangu, ya seti ya sita, na mpaka leo wageni wakifika watano mimi hula kwenye bakuli.

Katika maji maangavu namna hiyo mionzi hupenya mita kadhaa, na mdudu mwenye mwili kama kioo hana pa kujificha ila chini. Viroboto wako huwaoni katika maji ya wazi ya Tanganyika. Wenyeji wake ni kopepodi, binamu zao wenye umbo la punje ya mchele. Mchana hukaa kilindini, usiku hupanda juu kula mwani. Dagaa huwafuata, na wavuvi wetu huwafuata dagaa kwa taa siku za giza. Safari hiyo huwaepusha na jua na pia na macho ya samaki. Kiroboto wa maji naye, kwa jicho lake moja, huiona mionzi ya urujuanimno tusiyoiona sisi, na akiiona hupiga mbizi.

Asiyeweza kushuka hujipaka. Katika vidimbwi vya kina kifupi kule karibu na Ncha ya Kaskazini wako viroboto wa maji weusi kwa melanini, ile rangi inayotia weusi ngozi yetu. Rangi hiyo imo ndani ya gamba, na kila akijivua gamba huanza upya, hasara tupu. Kopepodi hupata yao mezani: hula mwani wenye karotenoidi, rangi za jamii ya ile ya karoti, wakawa wekundu. Mwaka 1976 Mmarekani Nelson Hairston alionyesha kwamba kopepodi wekundu wa jimbo la Washington hustahimili mwanga mkali kuliko wenzao waliopauka. Hapo ndipo akili ya mwanao ilipo. Lakini mwekundu huonekana upesi na samaki, kwa hiyo penye samaki wengi hupunguza rangi. Wengine hukusanya kutoka kwenye mwani kinga isiyo na rangi, nayo huizuia mionzi bila kumwita adui.

Mionzi ikipita kote huko, huharibu DNA. Wengi wana kimeng'enya kinachoitwa fotolaisi, fundi wa kurekebisha palipoharibika, na fundi huyu hafanyi kazi gizani. Anahitaji mwanga wa kawaida. Yaani jua lile lile linalojeruhi ndilo linalomwashia taa. Nimefundisha miaka mingi na hili bado hunishangaza.

Sasa kijana ajaribu. Achote viroboto, awaweke kwenye beseni pana, maji safi ya mvua au ya kisima yasizidi kina cha kiganja, chini ya mwembe. Ya bomba yenye dawa yatawaua. Awape hamira kiasi cha kushikwa na ncha za vidole viwili, kila baada ya siku mbili; ikizidi maji yatavunda na wekundu utarudi. Baada ya wiki mbili hivi awamwage kwenye ndoo ile ile nyeupe, atawakuta wamepauka. Beseni lifunikwe kwa kipande cha chandarua, mbu wasitage humo.