Jibu: Burnout Paradise, watoto wawili na TV moja

Waaleikum salaam sheikh. Nimekufahamu: una Burnout Paradise Remastered, gemu ya mbio za magari ya PS4, wanao hapo Wete wanagombania padi (kidude cha kuchezea), mkubwa hupotea njia, na huoni pahala pa kugawa skrini ili wacheze wawili pamoja. Usijichoshe kutafuta, haipo. Hiyo ndiyo kasoro inayoniuma zaidi, maana Burnout 3 ya 2004 iliwaruhusu wawili kukimbizana kwenye TV moja.

Lakini hilo toleo la 2018 lina Burnout Party: hadi watu 8 wanapokezana padi moja, kila mtu na zamu yake. Kwangu Mkunazini tunaicheza baada ya isha. Mdogo akiruka na gari na kulibamiza ukutani, vioo vikamwagika taratibu barabarani, nyumba nzima hupiga kelele. Kwa raha hiyo sijaona gemu nyingine. Unalipwa kwa kuendesha vibaya: ukipita upande usio wako, ukikwangua magari ya watu, mwendo wa ziada unajaa.

Ama mwanao mkubwa kupotea njia kila mbio, hilo nalo lilinisumbua sana. Barabara hazifungwi, kila mtu anajichagulia. Mwambie atazame jina la mtaa juu ya skrini. Likimeta, akate kona hapo hapo. Na akishindwa asirudi mpaka mwanzo: abonyeze mshale wa kulia kwenye padi, achague kuanza upya. Mwaka 2008 gemu ya asili ilipotoka hata hilo halikuwamo, tukirudi wenyewe hadi kwenye taa za barabarani mbio zinapoanzia.