Maswali ya kasi: Bugatti, IST na mchanga wa Jambiani

Wiki hii nimeyaweka pamoja maswali ya wasomaji kuhusu kasi ya magari, maana yamekuwa mengi, na mimi mwenyewe ni mambo ninayoyapenda tangu utotoni.

Assalaamu alaykum. Baraza letu hapa Darajani limegawika. Wengine wanasema Bugatti ndiyo gari ya kasi kuliko zote, wengine wanasema Mchina keshaipita. Tukatie shauri.

Waalaykumu salaam. Kwa magari ya kuuzwa, namba kubwa ni ya Mchina. Septemba 2025 Yangwang U9 Xtreme, gari la umeme la kampuni ya BYD, lilifika kilomita 496.22 kwa saa katika uwanja wa majaribio wa Papenburg, Ujerumani. Bugatti Chiron Super Sport 300+, ikiendeshwa na Andy Wallace, ilifika 490.484 mwezi wa Agosti 2019, nayo hukohuko Ujerumani, Ehra-Lessien.

Shauri langu lakini halikomei hapo, kwa sababu yote mawili yalipimwa upande mmoja tu. Nahodha aliyetoka Makunduchi na kusi mgongoni hawezi kujisifia mwendo wa chombo chake mpaka arudi akiwa ameukabili upepo uleule. Rekodi rasmi za kasi ya ardhini zina sharti hilo: gari lipite sehemu ileile iliyopimwa, kwenda na kurudi, yote ndani ya saa moja, kisha uchukuliwe wastani. Upepo na mteremko vinafutana, linabaki gari lenyewe.

Kwa sharti la kwenda na kurudi, Koenigsegg Agera RS ya Sweden ilipata wastani wa 447.19 mwezi wa Novemba 2017, kwenye barabara kuu ya Nevada, Marekani, iliyofungwa kwa ajili hiyo. Halafu kuna SSC Tuatara ya Marekani. Oktoba 2020 ilitangazwa kuwa imepata wastani wa 508.73. Watu wakaikalia video, wakapima muda gari lilipopita alama moja ya barabara hadi nyingine, hesabu ikakataa. Mwishowe kampuni yenyewe ikakubali kwamba namba ile haikufikiwa. Januari 2021 gari likarudi, safari hii katika njia ya kutua vyombo vya angani kule Florida, likapata wastani wa 455.3 kwa pande zote mbili. Namba hii ya pili ni ndogo, na ndiyo ninayoiheshimu. Wale vijana waliokaa na video na kalamu waliitendea haki michezo hii kuliko tangazo lolote.

Kwa hiyo anayeshikilia Mchina ana namba kubwa zaidi mkononi. Anayedai ushahidi wa kwenda na kurudi aitaje Tuatara, na Bugatti ingoje.

Kaka, Toyota IST yangu saa yake imeandikwa mpaka 180, lakini njia ya Mkokotoni haivuki 140 hata nikikanyaga mpaka chini. Injini imechoka?

Kwanza nakuomba usiikanyage tena hivyo. Njia ile ina watoto wa skuli, baiskeli na gari za ng'ombe, na hakuna aliyefunga barabara kwa ajili yako.

Injini yako huenda ni nzima kabisa. Ile 180 ni kikomo ambacho watengenezaji wa Japani walikubaliana zamani kwa magari ya soko lao, si ahadi kwamba kila gari litafika. Adui wako ni hewa. Ukizidisha kasi mara mbili, hewa inakusukuma nyuma mara nne, na nguvu ya injini inayohitajika inakuwa mara nane. Tazama Bugatti Veyron: ya mwaka 2005 ilikuwa na nguvu ya farasi 1,001 ikafika kama 407. Ya mwaka 2010 iliongezwa farasi 200 hivi, ikafika 431. Farasi 200 ni kama injini mbili za IST yako, na zilinunua kilomita 24 tu!

La kutazama zaidi ni tairi. Chuchumaa ubavuni mwa gurudumu, tafuta kijiduara chenye tarakimu nne. Ukiona 2317, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017, hata kama muuzaji kalipaka rangi liking'ara. Karibu na ukubwa wake utaona namba na herufi, tuseme 82S. S maana yake kilomita 180 kwa saa, nayo ni kwa tairi zima lenye upepo sawasawa. Kwa kasi ya 490, gramu moja ya mpira kwenye ukingo wa gurudumu inavutwa nje kwa nguvu inayopita uzito wa kilo 5. Tairi za Michelin za ile Bugatti Chiron zilipigwa eksirei moja moja kabla ya kufungwa. Hapa petu tunafunga ya mtumba iliyokaa juani miaka, tunasema Mungu atasaidia. Tafadhali, tutazame kwanza.

Maji yakitoka hapa Jambiani pwani inakuwa nyeupe na pana. Haiwezi kuvunjwa rekodi hapa?

Swali zuri, na si la ndoto. Pwani ndizo zilizokuwa viwanja vya mbio hizi: Pendine kule Wales, na Daytona kule Florida. Malcolm Campbell, Muingereza, alikimbia kwenye zote mbili. Machi 1935 pale Daytona alipata karibu kilomita 445 kwa saa, lakini mchanga ulikuwa na mawimbimawimbi na gari likawa linaruka. Miezi sita baadaye akahamia jangwa la chumvi la Bonneville, Utah, akapata zaidi ya 484. Tangu hapo pwani zikaachwa kwa rekodi kubwa. Pendine ilikwishamuua dereva wa mbio J. G. Parry-Thomas mwaka 1927.

Mchanga wenu una mawimbi hayohayo, una vidimbwi, na bahari inakupa saa chache tu. Tena pale maji yakitoka kuna vijiti na kamba za mwani, na kina mama wako kazini. Hata angekuja mtu na mamilioni yake, mimi ningesema shamba la mwani lisiguswe.

Kwa nini ile rekodi ya kasi ya ardhini ya 1997 haijavunjwa mpaka leo?

Tarehe 15 Oktoba 1997, katika jangwa la Black Rock, Nevada, rubani wa jeshi la anga la Uingereza, Andy Green, aliendesha Thrust SSC kwa wastani wa kilomita 1,228 kwa saa. Kwa kasi hiyo Nungwi hadi Makunduchi ni kama dakika nne. Gari lilikuwa na injini mbili za ndege ya kivita, na lilikuwa la kwanza kuipita kasi ya sauti ardhini, miaka 50 na siku moja baada ya rubani Mmarekani Chuck Yeager kuipita angani.

Waliojaribu kuivunja walikuja Afrika, na hili linanigusa. Gari la Bloodhound lilihitaji uwanja mkavu, tambarare, usio na jiwe hata la ukubwa wa ngumi, maana magurudumu yake ni alumini tupu. Uwanja ukapatikana Hakskeen Pan, Afrika Kusini. Zaidi ya watu 300 wa jamii ya Mier, wanaoishi maeneo yale, waliokota mawe kwa mikono, zaidi ya tani 15,000. Novemba 2019 Andy Green yuleyule alifika kama 1,010. Gari halikushindwa. Kilichokosekana baada ya hapo ni fedha. Uwanja ule ni kazi ya mikono ya watu wale, na kila anayelitaja gari anapaswa kuwataja na wao.

Mimi ni msichana wa Wete. Wanawake wapo katika mbio hizi?

Wapo, mwanangu. Kitty O'Neil, Mmarekani aliyekuwa kiziwi tangu utotoni, alipata wastani wa kilomita 825 kwa saa mwaka 1976 katika jangwa la Alvord, Oregon, kwa gari la roketi lenye magurudumu matatu. Rekodi yake ya wanawake ilidumu zaidi ya miaka 40. Agosti 2019 Jessi Combs, fundi wa kuchomelea na dereva, aliivuka kwa 841 katika jangwa hilohilo, lakini alifariki katika ajali siku ileile. Rekodi yake ilitambuliwa mwaka uliofuata.

Gari la umeme linaweza kweli kushindana na petroli?

Ndilo lililotangulia. Gari la kwanza kuvuka kilomita 100 kwa saa lilikuwa la umeme: La Jamais Contente ya Mbelgiji Camille Jenatzy, karibu na Paris, tarehe 29 Aprili 1899, kilomita 105.88. Bodi yake ilichongoka mbele na nyuma ili ipasue hewa, lakini Jenatzy alikaa juu yake, kifua chote nje, akipigwa na upepo yeye mwenyewe. Ukifika Ufaransa, nenda Compiègne. Lipo makumbusho.