Jibu: Mama anakojoa sana, iweje figo ziwe na shida?

Salamu ndugu, na pole kwa kumuuguza mama. Umeuliza inakuwaje kreatinini, ile taka ya damu inayopimwa kujua hali ya figo, ipande ilhali anakwenda haja ndogo kila mara, hata usiku mara nne. Swali hilohilo lilinisumbua kwa baba yangu, na lilinichelewesha.

Mkojo mwingi si ushahidi kwamba damu inasafishwa. Figo zenye afya huchuja kama lita 180 za majimaji kwa siku, kisha hurudisha karibu zote mwilini. Zinazotoka ni lita moja na nusu au mbili tu. Kazi kubwa iko huko kwenye kurudisha: maji, chumvi, sukari, kila kimoja kwa kipimo chake. Figo ikichoka hushindwa kuukoleza mkojo, basi unatoka mwingi, mweupe kama maji, huku taka zikibaki kwenye damu. Ndizo hizo safari za usiku.

Anza na presha na sukari. Sukari ikiwa juu huvuta maji, mtu akakojoa hata figo zikiwa hazina hatia. Halafu ombeni kipimo cha protini kwenye mkojo, na kreatinini irudiwe. Kagua na dawa: baba alikuwa akimeza diklofenaki za dukani, dawa ya maumivu inayoweza kuumiza figo, kwa ajili ya magoti, wala hakuna aliyemuuliza. Mizizi ya kienyeji nayo mtajieni daktari, hata mama akiona aibu.

Akivimba miguu au akikosa pumzi, msingoje kliniki ya wiki ijayo. Dozi siwezi kukupangia, mimi ni mwuguzaji wa nyumbani tu.