Vita iko Ukraine, mbolea inapanda Mbalizi

SWALI: Wataalamu, shikamooni. Nalima mahindi Mbalizi, Mbeya, kwa mvua na jembe la mkono. Vita ya Ukraine inanipandishiaje mbolea? Na ekari moja nina mfuko wa DAP ya kupandia na nusu mfuko wa urea ya kukuzia tu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Urea hutengenezwa kwa gesi asilia. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, gesi ilipanda bei Ulaya, viwanda vya mbolea vikapunguza kazi. Urusi yenyewe ni muuzaji mkubwa wa mbolea, na hata pale vikwazo vya nchi za Magharibi vilipoiacha mbolea, benki na bima za meli zilisita kuigusa. Sisi tunaagiza sehemu kubwa, hivyo ruzuku ya mbolea ikazinduliwa hapo hapo Mbeya, Nane Nane ya 2022.

Mbolea yako inatosha ukiipima. Panda sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo. Ekari hupata mashimo kama 9,000. DAP ni kizibo kimoja cha soda, kisijae kupita ukingo. Fukia kwa udongo vidole viwili ndipo uweke mbegu, maana zikigusana mbegu inaungua. Urea itakuwa gramu tatu kasoro kwa shimo, kama robo tatu ya kizibo. Palilia kwanza, la sivyo unalisha magugu. Mahindi yakifika magotini na udongo una unyevu, weka kando ya shina na ufukie papo hapo. Urea iliyoachwa juu juani hugeuka hewa ya amonia, na hela yako inapaa nayo.

Mfuko uliofunguliwa dukani usiuguse. Na kabla ya msimu hakiki ekari zako kwenye daftari la ruzuku kijijini.

SWALI: Malawi walipewa mbolea ya bure na Urusi. Kwa nini nasi tusiombe? – Msomaji, Iringa

JIBU: Angalia tarehe. Tani 20,000 zile zilikuwa zimekwama Ulaya. Zikapakiwa Uholanzi Novemba 2022, zikapitia bandari ya Beira, Msumbiji, zikakabidhiwa Machi 2023. Wakati huo mahindi ya Malawi yameshabeba! Msaada unafuata ratiba ya mtoaji na ya meli, mvua haiusubiri. Tunashukuru ukija, ila usipangie shamba.

Kilicho karibu ni mbolea ya fosfeti ya Minjingu, Manyara. Kwenye udongo wenye tindikali, kama ulivyo mwingi wa nyanda zetu, huyeyuka vizuri na inaweza kushika nafasi ya DAP ya kupandia. Ile ya kawaida haina naitrojeni, kwa hiyo urea bado utainunua. Pima udongo kwanza. Ofisa kilimo wako au kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, Mbeya, watakuelekeza.